Upande wa Kushoto wa Mashine ya Baba

Utomvu wa msonobari ukiungua hutoa harufu ambayo hata sasa, nikiwa mtu mzima mwenye meza yangu ya ufundi, hunifanya nisimamishe kazi kidogo. Ni harufu tamu yenye ukali kwa mbali. Baba yangu alikuwa akiukwangua utomvu huo kwenye misonobari iliyo nyuma ya kanisa letu pale Mpemba, anauweka kwenye kifuniko cha dawa ya viatu, kisha anachovya humo ncha ya chuma chake cha moto kabla ya kulehemu waya. Ule wa dukani aliuona ni wa watu wasio na miti. Moshi wake mweupe uliingia kwenye mapazia, kwenye sare zangu za shule, hata kwenye maharage, na Mama alikuwa akisema kwamba siku akifa tusihangaike kutafuta ubani.

Juzi niliifungua mashine moja ya zamani iliyokuwa imegoma kusema. Nilipogusa kiungo cha kwanza kwa chuma cha moto, moshi ukapanda, na mambo ya mwaka ule yakarudi yote. Niwasimulie, maana mimi mwenyewe nimeishi miaka mingi nikidhani nimeyaelewa.

Baba alikuwa fundi wa redio. Kibanda chake kilikuwa kando ya barabara kuu, pale malori yanapoanza kupanga foleni kuelekea mpakani, na wateja wake wengi walikuwa madereva waliochoka kukaa kimya. Yeye ni wa ukoo wa Simbeye, kwa hiyo mimi kwa desturi ya upande wake ni Nambeye, kama mabinti wote wa ukoo huo. Mama, aliyezaliwa kwenye milima ya Ileje, alinipa jina la Sekela. Baba aliniita Nambeye akiwa amefurahi na Sekela nikiwa nimegusa kitu chake. Nilikuwa darasa la nne, na niliitwa Sekela mara nyingi sana.

Mama alikuwa mwalimu wa kwaya. Mchana alilima mahindi kama wanawake wengine, lakini jioni za mazoezi alivaa kitenge kisafi, akachukua fimbo yake nyembamba, na wanaume wenye ndevu wakamtazama kama watoto waliochelewa shule. Alto na besi aliwaweka mkono wake wa kushoto, soprano na tenor mkono wa kulia, na yeye akasimama katikati. Hakuna mahali duniani alipopapenda kama pale katikati. Nasema hivyo nikijua vizuri kwamba na mimi nilikuwepo duniani.

Mwaka huo kulikuwa na mashindano ya kwaya, na kwaya yetu ilikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ulikuwa alto; besi waliosimama nao walinguruma, wakasikika popote. Kila wimbo ulipofika katikati Mama aliukata, akageukia kushoto.

"Alto, mmelala? Mbona mnanong'ona kama watu wa msibani?"

Alto walitazamana. Kiongozi wao alikuwa Mama Jeni, mwanamke mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka bonde la pili. "Mwalimu, tunaimba," alijibu kwa unyenyekevu, na mimi niliyekuwa nimekaa kwenye benchi la nyuma nikifanya hesabu nilijua ni kweli, kwa sababu sauti yake ilikuwa imenikosesha hesabu. Lakini Mama alitikisa kichwa. Kwa mtoto, mama akisema hasikii kitu, basi kitu hicho hakipo, na aliyekosea ni mtoto. Nilikwenda nyumbani nikijiuliza nilichosikia kilikuwa nini.

Kisha mwenyekiti wa kwaya, Mzee Sichone, akaja kwetu kunywa chai. Alizungukazunguka na habari za mvua na mbolea mpaka chai ikapoa, halafu akasema kwamba wazee wameona mwalimu amechoka. Alto wasipokaa sawa kabla ya mashindano, watamwomba kijana mmoja aliyetoka chuoni ashike fimbo.

"Siyo kwa ubaya, Mama Sekela," alisema. "Upumzike tu."

"Nimekuelewa, mzee wangu," alisema Mama, akamsindikiza mpaka barabarani kwa adabu zote. Aliporudi aliosha vikombe vile kwa muda mrefu kuliko vilivyokuwa vimechafuka. Baba alikuwa mlangoni anamtazama. Nilidhani anatazama vikombe.

"Nitakutengenezea kitu," alimwambia. "Kitu cha kusikilizia. Utakaa hapa nyumbani umsikie kila mmoja anaimba nini."

Hapo ndipo ilipoanza ile mashine, ambayo kwa jina la kitaalamu ni kikuza sauti cha hedifoni. Mimi nilishangaa kwa nini Mama asichomeke hedifoni kwenye redio kaseti yetu, mambo yakaisha. Baba alinitazama kwa huruma.

"Ile inapiga kelele," alisema. "Mama yako anataka kusikia."

Baba hakutaka transista peke yake, na hakutaka valvu peke yake. Alitaka vyote viwili, vimechanganywa. Valvu, kama hamjawahi kuziona, ni vichupa vya kioo vyenye vyuma vidogo ndani, vilivyofanya kazi ya transista kabla transista hazijazaliwa. Alinieleza kwamba valvu huilainisha sauti na transista huisukuma. Nilitikisa kichwa kana kwamba nimeelewa, na jambo hilo sikulielewa mpaka nilipokuwa mkubwa, kwa hiyo nanyi msihangaike nalo.

Valvu tulizifuata ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akiuza vyuma chakavu vya magari, Bana Chanda, mnene na mchangamfu, aliyekaa juu ya siti ya basi isiyo na basi.

"Mwapoleni mukwai," Baba alimwamkia, maana kwa Bana Chanda bila salamu ya Kibemba hupati kitu.

"Mwapoleni, fundi. Leo umekuja na bosi wako," alisema akinitazama mimi. Alitutolea redio mbili za malori ya zamani, zimeliwa na kutu. "Ifi fyakale. Hizi za zamani kabisa. Babu yangu mwenyewe aliziogopa."

Baba alifungua ya kwanza akachungulia, akafungua ya pili, na uso wake ukang'aa. Ndani mlikuwa na valvu zinazofanana, za aina iliyotengenezwa kula umeme mdogo wa betri ya gari. Alizifunga kwenye shati lake la ndani, akarudi mpakani amevaa koti tupu, na ofisa wa forodha akamwangalia sana bila kujua amuulize nini.

Aliijenga mashine ndani ya kopo bapa la biskuti, juu ya meza yetu ya kulia chakula. Valvu moja ya sikio la kulia, moja ya sikio la kushoto, zimesimama wima kwenye matundu ya kifuniko. Siku alipoziwasha nilisogeza uso karibu. Zilianza na wekundu mdogo chini, kisha rangi ya chungwa ikapanda taratibu, na kioo kikawa na joto. Najua kilikuwa na joto kwa sababu nilikigusa, nikaitwa Sekela.

Hapo matatizo yakaanza kuja, moja baada ya jingine, kila moja likiwa la ajabu kuliko lililotangulia. Kwanza mashine ilivuma. Ukivaa hedifoni ulisikia mmm, mmm, kama nyuki waliofungiwa kwenye gunia. Baba alisema ni umeme wa ukutani unaingia na uchafu wake. Akaachana nao, akaleta betri mbili za lori akaziunganisha, na nyuki wakanyamaza. Lakini hapo tukagundua kwamba kila lori zito lilipopita barabarani, valvu zililia ting, kama mtu amegonga glasi. Kwetu malori hayaishi. Mama alikuwa akisikiliza soprano wakiomba amani, ting, wakishuka bondeni, ting. Baba alikata vipande vya tyubu ya baiskeli, akazikalisha valvu juu yake zisitetemeke, ikaisha.

Halafu akaja mhubiri. Tulikuwa tumekaa jioni, jua bado liko juu ya mahindi, Mama amevaa hedifoni, ghafla akatoa macho.

"Baba Sekela, kuna mtu ndani ya wimbo wetu."

Nilivaa mimi. Katikati ya kwaya yetu, kwa mbali, mwanamume alikuwa akihubiri kwa Kibemba kwa nguvu zake zote, na kila baada ya maneno machache nilisikia akimtaja Lesa, yaani Mungu. Nilichanganyikiwa kabisa. Nilijua kaseti ilirekodiwa kanisani kwetu na Baba mwenyewe, aliyetundika maikrofoni mbili, moja mbele ya alto, moja mbele ya soprano, na huyo mhubiri hakuwepo. Baba alicheka mpaka akakaa chini. Alisema ni redio ya ng'ambo, waya zetu zimeinasa bila kukusudia. Alilifunga kopo vizuri, akaunganisha bati lake na waya wa ardhi wa mashine, unaomeza kelele za nje, na mhubiri akarudi kwao. Mama alisikitika kidogo, maana alikuwa ameanza kumfuatilia.

Baada ya hapo mashine ilikuwa safi. Niliisikiliza na nywele zikanisimama. Nilimsikia kila mtu. Kushoto nilimsikia Mama Jeni, na nyuma yake mtu anakohoa, na mtoto wa mtu analia anyonyeshwe. Kulia soprano walikuwa wamenyooka kama mistari ya daftari. Nilikuwa ndani ya kanisa, nimesimama pale katikati alipopapenda Mama. Kwa mara ya kwanza nilielewa kwa nini alipapenda.

Baba alichukua hedifoni kwangu, akaenda kumvika Mama. Alikuwa akimvika mwenyewe siku zote. Hakumwachia azichukue mezani. Alisimama nyuma ya kiti chake, akazifungua kwa mikono miwili, akazishusha taratibu juu ya kilemba kama mtu anayemvika bibi harusi shela. Mimi niliona aibu nikatazama pembeni.

Mama alifunga macho akasikiliza. Alingoja mpaka wimbo ukaisha.

"Kulia pazuri sana," alisema. "Kushoto hakusemi."

Baba hakushangaa. Alisema tu, "Eeh," akazima, akafungua kopo, akachovya chuma kwenye utomvu. Harufu ikapanda. Alikilehemu upya kiungo kimoja cha upande wa kushoto, akafunga.

"Sasa?"

"Bado."

Nilivaa mimi. Mama Jeni alikuwepo, na kikohozi, na mtoto. "Mbona nasikia," nilisema.

"Sekela, kaangalie maji jikoni," alisema Baba.

Maji hayakuwa jikoni. Hakuna aliyekuwa ameyateka. Nilisimama kule nikitazama mafiga, nisijue niangalie nini.

Ikawa ndiyo maisha yetu. Baba alirudi kutoka kibandani, akala, akafungua kopo, akalehemu kushoto. Mama akavikwa, akasikiliza, akasema bado. Nami kila nilipovaa nilisikia pande zote mbili, na kila niliposema nasikia, nilitumwa kwenda kuangalia kitu ambacho hakipo. Nilianza kuyashuku masikio yangu. Shuleni nilimwomba rafiki yangu aninong'oneze kwenye sikio la kushoto, akaninong'oneza neno ambalo siwezi kuliandika hapa, kwa hiyo sikio lilikuwa zima. Basi nikafikiri labda mashine inanipenda mimi na haimpendi Mama. Siku ya Jumapili nilimuuliza mwalimu wa watoto kama kitu kisicho na roho kinaweza kumchukia mtu. Alifikiri nasema habari za uchawi, akanifanya nisali.

Kilichonichanganya zaidi ni Baba mwenyewe. Kibandani alikuwa na sheria moja, na alikuwa amenifundisha niikariri kama aya. Dereva akija analalamika kwamba spika yake moja imekufa, Baba hakushika bisibisi. Alichomoa waya za spika, ya kulia akaitia kushoto, ya kushoto akaitia kulia, akasikiliza. "Badili upande kwanza, Nambeye," alikuwa akisema. "Ukimya ukihama, mashine ndiyo mbovu. Ukimya ukibaki palepale, spika ndiyo imekufa." Ilimchukua muda mfupi kuliko kusalimiana. Nilimwona akifanya hivyo kwa madereva wa kila nchi. Na nyumbani, kwa mashine yake mwenyewe, kwa mke wake mwenyewe, alikuwa analehemu na kulehemu kama mtu asiyejua chochote. Nilimwonea huruma. Nilidhani amechoka akasahau.

Wakati huo mashindano yalikuwa yanakaribia na Mama alikuwa anakonda. Mazoezini aliwafokea alto, kisha akajifokea. Alianza kuongoza wimbo mzima amegeuza uso kushoto, bega la kulia limetangulia, kama kuku anayeangalia mwewe, na vijana wa besi wakawa wanacheka chini chini. Kijana aliyetoka chuoni alianza kuja kukaa benchi la mbele. Alikuwa na adabu, alimsaidia Mama kubeba vitabu, na nilimchukia kwa moyo wangu wote.

Ilikuwa Jumapili mchana, baada ya kula. Dereva mmoja alikuja kurudisha betri aliyokuwa ameiazima, Baba akatoka kwenda kuipokea barabarani. Mama alikuwa amekaa mezani, mashine imewashwa, valvu zimeiva rangi yake ya chungwa. Alinyoosha mkono kuchukua hedifoni.

"Ngoja, nikuvike mimi," nilisema.

Nilipanda juu ya stuli nyuma yake. Nilikuwa nimeshaamua. Fundi amesahau sheria yake, basi mimi nitaitekeleza, na atakaporudi ataniita Nambeye mbele ya dereva. Nilizigeuza hedifoni, ya kushoto nikaipeleka kulia na ya kulia kushoto, nikazishusha taratibu juu ya kilemba kama alivyofanya yeye. Kisha nikabonyeza kaseti, nikazunguka mbele nimwone.

Mama alikaa kama siku zote, macho amefumba. Halafu akayafumbua.

"Wanaimba," alisema.

"Nani?"

"Alto. Mama Jeni huyu hapa." Aligusa sikio lake la kulia. Alitabasamu, tabasamu ambalo sikuwa nimeliona tangu Mzee Sichone anywe chai yetu. "Wanaimba vizuri. Wako sawa kabisa, Sekela, hawajapotea hata kidogo." Akasikiliza tena. Tabasamu likaanza kupungua. "Na soprano? Soprano wameenda wapi?"

Hapo ndipo niliposema, kwa fahari, nimesimama wima kama shuleni:

"Nimekugeuzia, Mama. Baba anasema ubadili upande kwanza. Ukimya ukihama, mashine ndiyo mbovu. Ukimya ukibaki palepale, spika ndiyo imekufa."

Nilingoja kusifiwa. Mama alinitazama, lakini sina hakika kama aliniona. Mkono wake ulipanda taratibu ukagusa sikio la kushoto, ukabaki hapo. Niligeuka nikamwona Baba amesimama mlangoni, amekumbatia betri ya lori, uso umempauka. Lori lilipita. Mimi nikaogopa bila kujua ninachokiogopa. Nilikuwa nimelipata tatizo, na nyumba imekuwa kama kuna mgonjwa.

Mama alivua hedifoni akaziweka mezani. Alivuta pumzi.

"Baba Sekela," alisema, "hizo sauti za kushoto, unaweza kunihamishia huku? Zote zije huku?"

"Naweza," alisema Baba. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ni waya mmoja tu."

Aliweka betri chini. Alifungua kopo, akavuta kitu, akachovya chuma kwenye utomvu, akagusa mara moja, akafunga. Hata mboga isingepata moto kwa muda ule. Nilipigwa butwaa. Siku zote zile za moshi, kumbe kazi ni hiyo tu. Akaenda nyuma ya kiti cha Mama akamvika, na safari hii alipomaliza mikono yake haikuondoka, ilibaki juu ya mabega ya Mama. Wimbo ukaanza. Mama alilia tangu mwanzo mpaka mwisho, na mkono wake ulikuwa ukipiga mapigo mezani, sawasawa, bila kukosea hata pigo moja. Kisha akarudisha kaseti mwanzo.

Nilijificha jikoni nikilia na mimi.

Kwenye mazoezi yaliyofuata Mama aliwasimamisha alto mbele ya kwaya nzima akawaomba radhi. Alisema sikio lake la kushoto limezimika, hajui lini, na wao wamekuwa wakiimba siku zote. Mama Jeni alimkumbatia akamwinua kabisa kutoka sakafuni. Mzee Sichone alikohoa, akasema wazee watakaa tena. Kabla hawajakaa, Mama alikuwa ameshaipanga kwaya upya: wote walihamia mkono wake wa kulia, wakapinda kama mundu, na yeye akasimama kando kabisa karibu na dirisha. Kijana aliyetoka chuoni alipewa kazi ya kusimama na besi, na kumbe alikuwa besi mzuri, nikalazimika kumsamehe. Hatukushinda mashindano. Majaji waliandika kwamba mpangilio wetu ni wa ajabu. Lakini alto walisikika mpaka nje kwa wauza mahindi, na fimbo alibaki nayo Mama kwa miaka mingi.

Mpaka leo kwaya ile husimama imepinda upande mmoja. Vijana wa sasa hawajui sababu. Wageni wakiuliza, huambiwa ndivyo kwaya ya Mpemba inavyosimama.

Nami nilikua nikiamini hivi: Baba alisahau sheria yake, mimi nikaikumbuka. Baadaye kidogo, nilipoanza kupata akili, nikabadilisha. Nikasema hapana, aliogopa. Mashine ikiwa mbovu, mke wake ni mzima, kwa hiyo aliendelea kuitengeneza ili yeye mwenyewe asiujue ukweli. Nilitembea na maelezo hayo miaka mingi, nikaona nimemwelewa baba yangu, nikamhurumia tena.

Sasa kile kibanda cha barabarani ni changu. Natengeneza simu na chaja, na bado kuna madereva wanaokuja kuniuliza fundi yuko wapi. Juzi Baba aliniletea kopo la biskuti, limeliwa na kutu pembeni. Alisema limegoma, Mama hapati sauti.

Nililifungua na kuanza kufuatilia waya mmoja mmoja. Upande wa kushoto viungo vilikuwa vinene kama njugu, tabaka juu ya tabaka la lehemu, mahali ambapo hapajawahi kuwa na kasoro. Nilicheka peke yangu. Kisha nikautafuta ule waya mmoja, unaoleta sauti za kushoto upande wa kulia. Ulikuwa mwekundu. Niliufuata kwa kibano. Ulipita chini ya soketi ya valvu ya kushoto, ukapita chini ya ubao wa transista, ukapita chini ya ule mpira wa tyubu ya baiskeli, ukatokea chini ya soketi ya kulia. Niliacha kibano. Huwezi kuupitisha waya hapo vitu vikiwa vimeshafungwa. Labda ungeng'oa mashine yote. Waya ule ulilazwa kwanza, kopo likiwa tupu, kabla ya valvu na kabla ya chochote, na ncha yake ikaachwa karibu, imefungwa utepe, inangoja kuguswa mara moja.

Nilikaa na hilo mpaka chai yangu ikaota ngozi. Aliijenga kwa ajili ya sikio moja tangu siku ya kwanza. Alijua kabla ya Mzee Sichone kuja, labda kabla ya Mama mwenyewe. Moshi wote ule ulikuwa wa kungoja. Hakutaka Mama aambiwe na mwenyekiti, wala na mazoezi, wala na yeye Baba. Alitaka Mama aseme mwenyewe siku atakayoweza, na siku hiyo jibu liwe tayari. Mimi nikapanda juu ya stuli na aya yangu.

Nililehemu kiungo kilichokuwa kimeachia, na jioni nikawapelekea kopo. Walikuwa wamekaa nje, Baba upande wa kulia wa Mama, anapokaa siku zote.

"Baba, ule waya mwekundu wa chini uliutia lini?"

Aliangalia barabara. "Waya gani?"

Mama aligeuza kichwa kumwelekea. "Anasema nini?"

Baba aliinama kwenye sikio lake. "Anasema mashine imepona."

Niliingia ndani kuijaribu kabla sijamkabidhi. Valvu zikapata rangi yake taratibu. Nilivaa hedifoni, nikabonyeza kaseti ile ile, na wakaja wote kulia, soprano na tenor na besi, na Mama Jeni na kikohozi na yule mtoto, wamebanana upande mmoja. Kushoto kulikuwa kimya, na sikutaka kupatengeneza.